Kiyoyozi cha Chumbani kwa Mama

Kwa watu baki aliitwa Fundi, na neno lake lilikuwa sheria. Alikuwa amefunga viyoyozi kwenye benki, kwenye hospitali na kwenye maofisi ambayo wakubwa wake hawakuthubutu kusogeza hata kiti bila kumuuliza. Lakini nyumbani kwao, pale alipokulia, alikuwa Kitinda tu. Kitinda mimba, mtoto wa saba, yule aliyemeza kifungo cha shati akiwa na miaka minne. Miaka kumi na minane ya kazi na vyeti vitatu ukutani havikutosha kukifuta kile kifungo.

Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi, alipoegesha gari lake la kazi na kumkuta kaka yake mkubwa amesimama mlangoni na drili mkononi, vumbi la saruji limemjaa hadi kwenye nyusi, Kitinda alijua siku imeshaharibika kabla haijaanza.

"Nimekupunguzia kazi," Kaka alisema. "Tundu nimeshatoboa."

"Tundu gani, Kaka?"

"La mabomba. Njoo uone."

Kaka alikuwa dereva wa malori makubwa, na tangu astaafu hakuwa amepata kitu kingine cha kuendesha isipokuwa watu. Alikuwa akiishi pale na mkewe na mama yao. Mama moyo wake ulikuwa umechoka, na joto lilikuwa likimtesa. Daktari alisema chumba chake kipoe. Kaka, bila kumuuliza mtu, akaenda dukani akanunua kiyoyozi, kisha akampigia Kitinda simu: "Njoo ufunge. Ni kazi ya nusu saa."

Kitinda aliingia chumbani. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake imening'inia, kanga imemfunika mabega. Juu yake, sawasawa na mto anaolalia, kulikuwa na tundu ukutani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako amenimwagia vumbi kwenye chai."

Kitinda alichungulia tundu. Halafu akachukua pimamaji na kuipachika ndani yake, ingawa hakuhitaji kipimo. Tundu lilikuwa limelalia ndani.

"Kaka," alisema taratibu, kwa sauti anayotumia kwa wateja wabishi, "hiki kitu kikifanya kazi kinatoa maji. Maji yanatakiwa yateremke kwenda nje. Hapa yatateremka kuja ndani. Yatamdondokea Mama usoni."

"Tutaweka kindoo."

"Na upepo wa baridi utampiga kichwani usiku kucha. Mgonjwa wa moyo."

"Si ndiyo daktari alivyosema? Apoe!"

Kitinda alishusha pumzi. Akamgeukia Mama. "Mama, wewe ungependa baridi ikupige wapi?"

Mama alishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo baada ya kukaa muda mrefu bila kuulizwa. "Isinipige popote," alisema. "Ipite tu."

"Basi tutafunga ukuta ule, juu ya dirisha. Itapita mbele ya miguu yako."

"Kwa hiyo tundu langu ni la bure?" Kaka akauliza.

"Tutaliziba."

Kaka alitoka akinung'unika kwamba siku hizi ukimsaidia mtu anakuona adui. Alirudi baada ya dakika mbili na ugomvi mpya. Mashine ya nje, ile yenye feni, alitaka ifungwe mbele ya nyumba, juu ya mlango mkubwa. Kitinda alieleza kwamba pale kuna kibaraza cha bati tu, hakuna ukuta wa kubeba kilo thelathini na tano zinazotetemeka, na kwamba ikianguka itamwangukia anayebisha hodi. Alitaka iwe nyuma, chini, juu ya zege, mahali ambapo fundi wa kesho ataifikia bila kupanda ngazi.

"Nyuma nani ataiona?"

"Kwani inatakiwa ionwe?"

Ilikuwa wazi kwamba ndiyo, inatakiwa ionwe. Wifi yake Kitinda, mke wa Kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio, alificha kicheko kwenye kiwiko.

Saa nne ikafika. Nusu saa ya Kaka ilikuwa imeshapita mara tatu na hakuna hata skrubu moja iliyoingia ukutani. Kitinda alikuwa anapima na kuweka alama kwa penseli wakati Kaka alipoingia tena, safari hii akiburuta ekstensheni ndefu nyeupe yenye matundu matano.

"Umeme huu hapa. Nimeuleta kutoka jikoni. Kuna friji na pasi tu, nafasi ipo."

Kitinda alishuka kwenye ngazi na kuiangalia ile ekstensheni. Waya wake ulikuwa mwembamba kama kamba ya viatu, na mahali pawili ulikuwa umefungwa kwa gundi ya karatasi.

"Kaka, hii kitu itaungua."

"Mbona haijaungua miaka yote?"

"Kiyoyozi kinataka njia yake peke yake. Kebo nene kutoka kwenye boksi la umeme, breka yake ya kukata umeme kukiwa na hitilafu, na waya wa ethi. Sifungi bila hivyo."

"Hufungi," Kaka alirudia, akiwatazama mashahidi wasiokuwepo. "Yaani mimi namwambia, yeye hafungi. Jirani yangu hapo alifungiwa kwa ekstensheni, analala mpaka na blanketi!"

"Na Mungu azidi kumlinda," Kitinda alisema, akaenda koridoni kufungua boksi la umeme.

Humo ndani mlikuwa na kazi ya mtu mwangalifu, fundi mzee aliyeitandikia nyumba nyaya wakati Kitinda bado anasoma. Kila waya ulikuwa mahali pake. Waya mnene wa kijani na njano, ule wa ethi, ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuuzamisha ardhini kabla haujamkuta mtu, ulishuka ukutani na kutoka nje. Kitinda alichukua kipimo chake, akagusisha ncha moja kwenye ule waya na nyingine kwenye bomba la maji linalotoka ardhini hapo nje ya dirisha. Alitarajia sifuri.

Akaona volti mia na kumi.

Alipangusa ncha za kipimo kwenye suruali, akarudia. Mia na kumi.

Waya wa ethi ulikuwa na umeme. Waya ule ule unaogusa mwili wa friji, mwili wa mashine ya kufulia, mwili wa kila chombo cha chuma humu ndani. Na kama angefunga kiyoyozi leo kama alivyoambiwa, ungegusa na mwili wa chombo hicho pia.

"Kaka," aliita. Sauti ya mteja mbishi ilikuwa imekwisha. "Huu waya unaishia wapi huko nje?"

"Waya upi?"

"Wa ethi. Kulikuwa na nondo ya shaba imechomekwa ardhini, pembeni mwa ukuta. Iko wapi?"

Kaka alitafakari. Uani palikuwa pametandazwa vitofali vyekundu na vya kijivu vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, fahari yake kuu baada ya kustaafu. Alivipanga mwenyewe, akavifagia mwenyewe, na hakuruhusu mtu amwage hata maji ya mchele juu yake.

"Aah, kale kachuma? Kalikuwa kamechomoza, kanakwaza wageni. Nilikakata wakati naweka vitofali. Tangu lini?" Alimwita mkewe. "Tangu mwaka juzi, eh?"

"Ulikikata."

"Kwani kalikuwa kanafanya nini? Kamekaa tu!"

Kabla Kitinda hajajibu, sauti ya Mama ilitoka chumbani, nyembamba, bila haraka.

"Ndiyo maana bomba linaning'ata?"

Wote watatu walimgeukia.

"Bomba gani, Mama?" Kitinda aliuliza.

"La bafuni kwangu. Nikilifungua linaning'ata vidoleni. Si niliwaambia?"

Wifi aliweka ufagio chini. "Tulidhani ni ganzi," alisema, na uso ukamshuka. "Ganzi ya uzee. Daktari alitupa dawa ya kuchua. Nimemchua, wifi, kila jioni nimemchua ile mikono."

"Nikawaambia si ganzi," Mama alisema. "Ganzi hainingojei bafuni."

Kitinda alikwishafika bafuni. Ni bafu dogo walilomtengenezea Mama alipoanza kuugua, na hita ya maji ilifungwa juu ukutani ili asihangaike na ndoo. Bomba na kichwa cha kuogea vilikuwa vya chuma, vinang'aa. Sakafuni, kando ya mlango, kulikuwa na ndara nene za mpira na kigoda cha plastiki. Ndara zile kila mtu alikuwa anazijua. Mama alikuwa hakanyagi bafuni bila ndara na hakubali kuoga bila kupanda juu ya kigoda, na familia nzima ilikuwa imemcheka kwa mambo yake ya kizee. Kitinda mwenyewe alimcheka, mwezi uliopita, kwenye simu.

Alipima bomba. Mia na kumi. Akazima swichi ya hita. Sifuri. Akawasha. Mia na kumi.

Basi, ikawa wazi kama mchana. Hita ilikuwa imeoza ndani na inavujisha umeme. Kama nondo ingekuwepo, umeme ule ungekimbilia ardhini, breka ingekatika, mtu angeitwa kutengeneza. Nondo haikuwepo. Umeme ulikosa njia, ukabaki umejikalia kwenye vyuma vya nyumba nzima, unamsubiri mtu mwenye mikono iliyolowa na miguu mitupu. Na katika nyumba ile, mtu pekee aliyekuwa na akili ya kuvaa mpira alikuwa ni yule waliyemhesabu kuwa akili zinaanza kumpotea.

Alirudi koridoni, akashusha swichi kuu. Friji ilikoroma, ikazima. Feni ya Mama ikazunguka polepole hadi ikasimama.

"Sasa unazima umeme na mgonjwa yumo ndani!" Kaka alifoka. "Joto hili!"

"Kaka, mama yako ana moyo mbovu na kwa miaka miwili anashika umeme kila anapooga!"

"Mbona sisi hautung'ati?"

"Kwa sababu ninyi mnaoga bafu lile lenye mabomba ya plastiki!"

"Friji inanitekenya," Wifi alisema ghafla. Walimtazama. "Nikiwa peku, nikiishika mlango, inanitekenya. Nilikuambia, baba watoto. Ukasema ni baridi."

"Ni baridi!"

"Baridi haitekenyi!" Kitinda na Wifi walisema kwa pamoja.

Hapo subira ya Kitinda ilikatika kama uzi. Alisema mengi, na mengine hayasemwi kwa mtu aliyekuzidi miaka kumi na tisa. Alisema kwamba amechoka kuzungumza na ukuta, na ukuta una nafuu kwa sababu ukiutoboa unatulia. Alisema kuna watu wanajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Alisema kwamba mteja wa mtaani, asiyemjua hata kwa sura, angeshamsikiliza tangu saa tatu, lakini kwa ndugu zake anampigia mbuzi gitaa. Kaka alijibu kwamba hiyo ndiyo shukrani, mkubwa ni jalala, kila takataka hutupiwa yeye. Alinunua kiyoyozi, alijenga bafu, alitandaza uwanja, na leo anaambiwa muuaji.

"Hakuna aliyesema muuaji," Kitinda alisema.

"Umelitamka kwa macho!"

"Mnanipigia kelele," Mama alisema.

Waligeuka wote. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, ameshika fremu. Alimtazama mwanawe wa kwanza kwa muda, bila hasira, kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Mdogo wako anahitaji nini?"

"Anataka kuvunja uwanja wangu."

"Vunja."

"Mama, vile vitofali..."

"Nilivyozaa sikuzaa vitofali. Vunja, nikae nipumzike."

Kaka alitoka nje. Kitinda alidhani ameondoka zake, amekwenda kukaa kijiweni kuwasimulia wenzake. Halafu akasikia mtaimbo ukigonga. Alipotoka, alimkuta Kaka amepiga magoti pembeni mwa ukuta, anang'oa vitofali kimoja kimoja na kuvipanga kando kwa rangi zake, jasho linamtiririka hadi kwenye kidevu.

Kitinda alichukua nondo mpya ya shaba garini. Alikuwa nayo daima, pamoja na breka ya kukata umeme unapovuja, kwa sababu nyumba za watu zina mengi. Wakachimba kidogo, akaisimamisha, na Kaka akaanza kuigongelea kwa nyundo kubwa. Alikuwa bado na nguvu. Nondo ilizama shubiri kwa shubiri.

"Acha nafasi juu," Kitinda alisema. "Nitajengea kisanduku chenye mfuniko, ili ikaguliwe."

"Kisanduku kitakwaza wageni."

"Kaka!"

"Natania." Aligonga tena mara tatu, nne. Halafu akapumzisha nyundo ardhini na kuiegemea, akiangalia vitofali vyake. "Aliniambia mimi kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Kabla ya wengine wote. Aliniambia, mwanangu, bomba linaning'ata. Nilikuwa naangalia mpira. Nikamwambia, Mama, bomba halina meno."

Hasira ya Kitinda ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mahali pa kwenda.

"Na mimi nilimcheka kwa zile ndara," alisema mwishowe. "Gonga, imebaki kidogo."

Walipomaliza, Kitinda aliunga waya, akaijengea nondo kisanduku chake, akaiondoa hita ukutani na kuziba nyaya zake, akafunga ile breka mpya. Alipowasha umeme, alipima kila chombo: bomba, friji, mashine ya kufulia, hadi fremu ya dirisha. Sifuri kila mahali. Alimwita Wifi aje aguse friji, peku. Wifi aliweka kidole, akakiondoa, akakirudisha.

"Imenyamaza," alisema.

Ni baada ya hapo, saa nane na dakika kadhaa, ndipo kazi ya nusu saa ilipoanza.

Kitinda alivuta kebo nene kutoka kwenye boksi hadi nyuma ya nyumba, akaweka swichi ya kuzimia karibu na mashine. Alitoboa tundu jipya, lililolalia nje, akaliziba lile la Kaka. Kabla ya kutundika mashine ya ndani, aliukaza ukutani ubao wa chuma wa kuibeba, akauvuta kwa nguvu zake zote aone kama ukuta umeushika. Alikata mabomba ya shaba, akayalainisha midomo, akayapanua, akakaza nati kwa spana ya kipimo, si kwa hasira. Akamwaga jagi la maji kwenye mfereji wa mashine ya ndani na kwenda nje kuyasubiri. Yalitoka yote.

Kisha akajaza mabomba gesi ya naitrojeni kutoka kwenye mtungi wake, akapaka povu la sabuni kwenye viungo, akaketi kwenye ndoo kuitazama geji ya presha.

"Tunangoja nini?" Kaka aliuliza.

"Kuona kama inavuja."

"Haivuji. Mimi naiona."

Geji haikutikisika. Aliitoa naitrojeni, akaunga pampu ya kufyonza hewa, ikaanza kunguruma. Kaka alikuja tena.

"Na sasa?"

"Natoa hewa na unyevu kwenye mabomba. Dakika arobaini."

"Yule wa jirani hakutumia pampu. Alifungua gesi kidogo, fyuu, ikasukuma hewa nje, akafunga. Dakika moja."

"Na gesi yenyewe inashika moto, Kaka. Na mashine yake itakufa kabla ya mwaka."

Kaka alikaa juu ya rundo la vitofali vyake. Alivumilia dakika sita kamili. "Kwa hiyo huo unyevu," akasema, "unaingilia wapi?" Na Kitinda, ambaye alikuwa ameapa moyoni kutosema neno hadi jioni, akajikuta anamweleza. Kaka alimkatiza mara nne. Mara mbili kati ya hizo swali lilikuwa la maana, jambo lililomuudhi Kitinda kuliko yale mengine.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipowasha. Mashine ya nje ilitikisika mara moja, ikatulia, ikaanza kuvuma kwa sauti ya chini. Chumbani, upepo ulipita juu ya kabati, ukashuka mbele ya kitanda na kwenda zake mlangoni. Mama alinyoosha miguu.

"Inapita," alisema.

Kitinda aliweka nyuzi ishirini na sita. Kaka akachukua rimoti ili aweke kumi na sita. Mama akamnyang'anya rimoti, akaisukuma chini ya mto wake, akalala akiwa ameuelekea ukuta. Hakuna aliyethubutu kuingiza mkono pale.

Wifi alitaka Kitinda abaki ale, lakini Kitinda alikuwa amechoka hata kutafuna. Alimwonyesha Wifi kitufe cha kujaribu breka mpya, kibonyezwe mara moja kila mwezi, na akamwachia Wifi kazi hiyo makusudi. Akaipakia hita mbovu kwenye gari, iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jumatatu angeleta nyingine.

Alipokuwa anafunga mlango wa nyuma wa gari, alimsikia Kaka akizungumza na yule jirani juu ya ukuta wa uani.

"Wewe nyumbani kwako ethi unayo?" Kaka alikuwa anauliza, sauti imejaa huruma ya mtaalamu. "Huna? Ndugu yangu, unacheza na roho za watu. Umeme ukipotea njia lazima uwe na pa kwenda. Mimi hapa nimepiga nondo, nimeweka na kisanduku. Na ile ekstensheni yako, nisamehe, ile si kitu cha kuunganishia kiyoyozi. Waya kama kamba ya viatu!"

Kitinda alisimama pale, mkono kwenye kitasa. Alifikiria kwenda kule ukutani. Alifikiria maneno matatu ambayo angesema, na yote yalikuwa mazuri. Halafu akapanda garini akawasha injini.

Kabla hajaingiza gia, Kaka alikuwa ameshaacha jirani, ameshafika nyuma ya gari, mikono yote miwili juu.

"Kata kulia!" alipaza sauti. "Kulia, Kitinda! Rudi, rudi, rudi... Hapo! Sasa nyoosha!"

Barabara nzima ilikuwa tupu, upana wake ungetosha malori mawili. Kitinda aliangalia vioo vyake vyote viwili, akakata kushoto, akaondoka.